Daftari la Hali ya Hewa

Saa kumi na nusu alfajiri baba alikwisha kuwasha
basi la shule, namba kumi na saba,
lililoichukia baridi ya Kentaki kuliko yeye.
Kanisa la Kibaptisti la Bethabara
lilimlipa lilichokuwa nacho: viazi, kuni,
paja la nguruwe la moshi,
na dola mia mbili kwa mwezi, mhazini akikumbuka.

Kwenye usukani alizijua nyumba
kabla hajaambiwa siri zake.
Mtoto akitoka bila koti, bomba la jiko likiwa halifuki,
mlango ukibamizwa na mkono usio wa mama,
jioni ile ile angepita pale,
eti anamtafuta mbwa wetu aliyepotea.
Hatukuwa na mbwa.

Ushauri aliutolea chumba cha shule ya Jumapili,
kwenye vile viti vya watoto wadogo.
Ndivyo Verlin Combs, mchimba makaa, pande la mtu,
alivyoketi magoti yakigonga kidevu
chini ya safina ya karatasi na twiga wawili wa pamba,
akalitoa neno lililomkaa kooni
tangu siku mgodi ulipofungwa.
Neno gani, sijui. Ukuta ulikuwa mwembamba,
lakini baba alinitaka niimbe upande wa pili,
niimbe kwa nguvu,
na nikikosea nisirudie, niendelee.

Hakuwa malaika. Aliwahi kusahau arusi.
Alimbatiza bibi Oleta Fugate mtoni mwezi wa Machi,
maji bado yana theluji ndani yake,
akateleza, wakazama wote wawili,
akaibuka akitweta: "Nami nilihitaji."
Mahubiri yake marefu, makavu;
mashemasi walizijua mbao za dari kwa idadi.

Na mwaka ule alipomzika kijana wa Verlin
(vidonge kwanza, kisha sindano, miaka ishirini na miwili)
akakataa kutamka kaburini
kwamba marehemu yuko wapi sasa,
kanisa likakaa mkutano, likapiga kura:
kumi na tisa abaki,
kumi na wanane aende zake.
Mama alilia jikoni. Baba akasema,
"Kura moja ni neema tele,"
na Jumatatu akawasha basi.

Amelala mlimani tangu Februari.
Daftari nimelikuta ndani ya buti zake za mvua.
Hamna jina hata moja.

*Aprili 9. Mvua. Alikunywa kahawa yote.*
*Juni 2. Joto. Hakusema kitu. Nami sikusema. Saa nzima.*
*Oktoba 30. Ukungu. Ameniachia bunduki. Nimeiweka ndani ya piano.*

Kumbe! Kipupwe kile kizima
noti za chini zilikuwa zikigugumia,
nami nikachapwa maneno na mwalimu wa kwaya
kwa mkono wa kushoto usio na kosa.

Miaka thelathini na mmoja ya mawingu na jua.
Nimesoma nikitafuta siku yangu,
ile niliyorudi nyumbani na sanduku moja,
nikakuta: *Upepo. Mlango uko wazi.*
Halafu ukurasa huu, ambao bado sijauvuka:

*Januari 3. Theluji. Leo hakuja mtu.*
*Nimekaa kiti cha upande wa pili.*
*Ni kigumu.*

Jana Verlin amekuja, na mkongojo, na mtungi wa asali.
Akazunguka maneno kama ng'ombe anayetafuta pa kulala,
mwisho akauliza, "Baba yako aliandika nini juu yangu?"
Piano hakuitazama. Mimi ndiye niliyeitazama.

"Aliandika ukungu," nikamwambia.

Akasimama mlangoni, kofia mkononi,
akaiangalia barabara iliyokuwa nyeupe kwa jua.
"Kweli," akasema.
"Siku ile sikuiona hata hii."